Nani Kasema Kongosho Limekufa?

Barazani Majengo, hapa Moshi, habari za kisukari zikianza hazichukui muda kufika kwenye hukumu: fulani kongosho lake limekufa. Hukumu hiyo hutolewa kwa uhakika ule ule wa kutangaza tanzia, na ikishatolewa hufuatwa na moja kati ya mambo mawili. Ama mgonjwa anavunjika moyo, maana kilichokufa hakifufuki, na kliniki anakwenda kwa kutimiza wajibu tu; ama anajitokeza mjuzi mwenye chupa ya virutubisho, anayeeleza kwamba kongosho halijafa bali limelala, na kinacholiamsha ni kalsiamu. Wa kwanza anapoteza matumaini. Anayemsikiliza mjuzi anapoteza fedha, na akiacha vidonge alivyoandikiwa hospitali atapoteza zaidi ya fedha. Kwa nje maneno haya mawili yanapingana, lakini yamesimama juu ya dhana moja: kwamba seli inayotoa homoni ni mfuko uliojaa homoni na wenye mlango mmoja, na kalsiamu ndiyo inayoufungua. Mfuko ukiwa mtupu, basi tena. Ukiwa umefungwa, ongeza kalsiamu. Dhana hii haiishii barazani. Imo pia katika maelezo ya darasani yanayokomea kwenye sentensi moja, kwamba kalsiamu ikiingia ndani ya seli homoni hutoka nje, kana kwamba baada ya hapo hakuna la kueleza. Mimi nasema la kueleza ndipo linapoanzia. Kalsiamu hutoa ruhusa. Kitoke kiasi gani, kitokee wapi na kwa muda gani, huamuliwa kwa sehemu kubwa na kiunzi cha ndani cha seli yenyewe.

Kalsiamu nayo ipewe haki yake kwanza. Ndani ya kongosho kuna vikundi vidogo vya seli ambavyo Paul Langerhans alivieleza huko Berlin mwaka 1869, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, na mpaka leo vinaitwa visiwa vya Langerhans. Humo ndimo zilimo seli beta. Mtu akimaliza sahani yake ya machalari, glukosi hupanda katika damu, huingia katika seli beta na kuvunjwavunjwa hadi kuzalisha ATP, yaani nishati ya seli. ATP ikiongezeka, milango ya potasiamu iliyo kwenye utando wa seli hufungwa. Umeme wa utando hubadilika. Milango ya kalsiamu hufunguka, na kalsiamu humiminika ndani. Vifuko vya insulini vilivyokwisha kukaa tayari kwenye utando huungana nao na kumwaga nje kilichomo. Mwaka 1961 Douglas na Rubin walionyesha kwamba tezi za adrenali, zile zinazokaa juu ya figo, haziwezi kutoa homoni zake ipasavyo bila kalsiamu. Mwaka 1966 Grodsky na Bennett wakaonyesha hivyo hivyo kwa insulini. Vidonge vya glibenklamidi, ambavyo wagonjwa wengi wa hapa wanavijua, vinafanya kazi kwa njia hiyo hiyo: vinafunga ile milango ya potasiamu hata kama sukari haijapanda, ndiyo maana anayevimeza asile, awe amefunga Ramadhani au amechelewa tu shambani, anaweza kushukiwa na sukari hadi kuzimia. Hayo yote ni kweli na hakuna mtafiti anayeyabishia leo.

Ila muuza chupa ameyachukua hayo na kuyageuza. Mwili wa mtu mzima una kalsiamu inayokaribia kilo moja, asilimia 99 yake ikiwa kwenye mifupa na meno. Ile ya kwenye damu inalindwa mno, kati ya milimoli 2.2 na 2.6 kwa lita. Ikishuka kidogo tu, tezi za parathiroidi shingoni hutoa homoni ya kuichota mifupani na kuizuia isipotee kwenye mkojo. Nje ya seli beta, kalsiamu iliyo huru ni nyingi mara 10,000 hivi kuliko ile iliyo huru ndani ya seli ikiwa imetulia. Kwa hiyo upande wa nje haujawahi kuwa na njaa. Mgonjwa wa kisukari anaweza kumaliza chupa nzima bila uwiano huo kubadilika kwa kiasi cha kuishtua seli beta yoyote. Ziada itaishia chooni, na kama figo zake zimeanza kuchoka, jambo la kawaida katika ugonjwa huu, ziada hiyo inaweza kumletea madhara. Watu wenye upungufu wa kweli wa kalsiamu wapo, na daktari huwatibu kwa sababu zao. Si wao wanaotafutwa na wauzaji hawa.

Sasa tuingie ndani ya seli moja. Seli beta ina upana wa mikromita 10 hivi, na mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Katika nafasi hiyo finyu kuna vifuko vya insulini vinavyokaribia 10,000, kila kimoja kikiwa na upana wa kama theluthi ya mikromita. Mwaka 1968 Curry, Bennett na Grodsky walipitisha glukosi katika kongosho la panya na kupima kinachotoka dakika kwa dakika. Waliona mawimbi mawili: la kwanza kali na fupi, linalopanda na kushuka ndani ya dakika chache, la pili la polepole, linaloendelea kwa muda wote sukari ikiwa juu. Yote mawili kwa pamoja, kwa saa nzima, hutumia asilimia chache tu ya akiba. Hapo ndipo dhana ya mlango mmoja inapokwama. Kalsiamu imeshaingia, vifuko vipo kwa maelfu, mbona havimwagiki vyote? Na ni heri havimwagiki, maana vikimwagika vyote kwa mkupuo mmoja mtu hafiki jioni. Watu wa mlima huu, waliochimba mifongo, yaani mifereji ya maji, kutoka msituni hadi vihambani karne nyingi kabla ya idara yoyote ya maji, wanalijua jambo hili kwa vitendo: mvua kunyesha juu si sawa na maji kufika mgombani. Kuna nduwa inayoyakusanya, kuna mlango wa nduwa, kuna zamu za koo, na kuna wazee wanaosema leo ni leo ya nani. Kalsiamu ni mvua. Anayeeleza mvua peke yake hajaeleza umwagiliaji.

Kiunzi cha seli ndicho chenye nduwa na zamu. Chini kabisa ya utando umetandikwa wavu wa nyuzi za protini iitwayo aktini. Kutoka katikati ya seli hutambaa mirija myembamba iitwayo mikrotubuli, iliyojengwa kwa protini nyingine, tubulini. Juu ya mirija na nyuzi hizo hutembea protini zinazobeba vifuko, miosini zikiwamo, zikivipeleka mbele na kuvirudisha nyuma. Kiunzi hiki si nguzo za zege. Hujengwa na kubomolewa bila kukoma, na kalsiamu ile ile inayotuhumiwa kufungua mlango ni miongoni mwa zinazoamuru ubomoaji: huziamsha protini kama jelsolini, ambazo kazi yake ni kuzikata nyuzi za aktini. Kwa maneno mengine, hata kalsiamu yenyewe, ikitaka insulini itoke, sehemu ya kazi yake ni kuzungumza na kiunzi.

Ushahidi wa hili si wa jana. Mwaka 1972 Lelio Orci na wenzake walichapisha katika jarida la Science picha za wavu wa aktini ndani ya seli beta. Walipoulegeza kwa sitokalasini, sumu inayopatikana kwenye ukungu, seli zilizopewa glukosi zilitoa insulini nyingi kuliko kawaida. Mwaka 1986 Cheek na Burgoyne walizichukua seli za adrenali, wakazigusa na nikotini, na wakaona wavu wa aktini wa pembeni ukivunjika wakati seli inajiandaa kumwaga. Tezi mbili zenye homoni tofauti na kazi tofauti zinashuhudia jambo moja: kati ya kalsiamu na homoni kuna kizuizi chenye akili. Nasema chenye akili kwa sababu kukiondoa peke yake, bila glukosi wala kichocheo kingine, hakuifanyi seli imwage ovyo. Na si kizuizi tu. Kifuko kinapoungana na utando, aktini na miosini husaidia kulipanua tundu na kukamua kilichomo, kwa hiyo seli iliyovuliwa kiunzi chote haiwi seli huru. Inakuwa seli iliyovurugika. Kwa sababu hiyo hata wale wanaouita wavu huu ukuta, na wamo wataalamu wanaouita hivyo, nawapinga. Ukuta haujibomoi wenyewe pale unapotakiwa na kujijenga tena dakika mbili baadaye.

Kuhusu mikrotubuli, wapinzani wana hoja inayofaa kusikilizwa. Mwaka 1968 Paul Lacy na wenzake walitumia kolkisini, dawa ya jongo inayovunja mikrotubuli, wakaona insulini ikipungua. Wakasema mirija hii ni njia za kupeleka vifuko kwenye utando. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, wakatangaza kinyume chake: mikrotubuli ya seli beta imesokotana kama kichaka, haielekei nje moja kwa moja, na kazi yake kubwa ni kuviondoa vifuko pembeni visije vikatoka. Walipoivunja kwa nokodazoli, insulini iliongezeka sana mara glukosi ilipopanda. Mpinzani atacheka: hawa wenyewe hawaelewani, mmoja anasema njia, mwingine anasema kizuizi, mnatutaka tuamini nini? Jibu ni kwamba wote wawili walipima kweli, ila si jambo moja. Vifuko vipya vinatengenezwa katikati ya seli na vinahitaji njia ya kutokea huko. Ukiivunja njia kwa muda mrefu, akiba ya pembeni itaisha. Lakini kwa dakika zile chache ambazo kifuko kimeshafika pembeni na kinasubiri, mirija hiyo hiyo ndiyo inayoweza kukinyakua na kukirudisha ndani. Glukosi ikipanda, mirija ya zamani hulegea na mingine mipya huanza kujengwa. Watafiti wale wa Vanderbilt waliongeza jambo moja ambalo kwa mtu wa kliniki ni zito: katika panya wenye kisukari, seli beta zilizoshindwa kazi zilikuwa na kichaka kizito zaidi cha mikrotubuli kuliko zilizo nzima.

Hapa nichomeke neno, maana wapo watakaosema habari za mikrotubuli ni anasa za maabara za Ulaya na Marekani. Nokodazoli ni ya ukoo mmoja na albendazoli, kidonge cha minyoo ambacho watoto wa shule wa nchi hii wamekuwa wakigawiwa kwa kampeni mwaka baada ya mwaka. Albendazoli inamuua mnyoo kwa kushika tubulini yake, ambayo inaishika kwa nguvu zaidi kuliko ya binadamu. Vinkristini, inayotibu saratani za watoto wodini, nayo inashika tubulini. Kiunzi cha seli tumekuwa tukikitibia magonjwa miaka yote hii, ila hatujakitaja. (Na asitokee mtu wa kumeza dawa za minyoo akitarajia kushusha sukari, dozi zinazofanya kazi kwenye visiwa vya maabara si za kumezwa.)

Pingamizi kubwa kuliko lile la kolkisini limetoka kwa mtu anayeijua seli beta kuliko wengi wetu. Jean-Claude Henquin wa Ubelgiji, pamoja na wenzake, mwaka 1992 waliishika kalsiamu ya seli beta isipande wala isishuke: wakatumia diazoksidi kuacha milango ya potasiamu wazi, na potasiamu nyingi kuiruhusu kalsiamu iingie kwa kiwango kile kile. Kisha wakaongeza glukosi. Kalsiamu haikuongezeka, insulini ikaongezeka. Kwangu mimi jaribio hilo peke yake linatosha kuiangusha dhana ya mlango mmoja, kwa kuwa linaonyesha ruhusa ile ile ikizaa matokeo tofauti. Lakini miaka 18 baadaye timu hiyo hiyo iliripoti kwamba nyongeza hiyo ya glukosi haiitegemei aktini, na mwaka uliofuata ikasema haitegemei mikrotubuli pia. Mtetezi wa kalsiamu atashika hapo. Asome hadi mwisho, basi. Katika majaribio hayo hayo, kuuvunja wavu wa aktini kuliongeza insulini iliyotoka katika mawimbi yote mawili. Yaani kiunzi kilikuwa kinazuia kweli. Kilichoonekana ni kwamba glukosi ina mkono mwingine wa kuongeza kasi, unaofanya kazi hata kiunzi kikiwa kimevunjwa. Henquin hakuirudishia kalsiamu ufalme. Alituonyesha kwamba wanaoamua ni zaidi ya wawili, na hilo linaidhoofisha dhana ya mlango mmoja zaidi ya ninavyoweza mimi.

Kuna tezi zinazoikana kanuni ya kalsiamu waziwazi. Zile za parathiroidi hupunguza homoni yao kalsiamu inapopanda, si damuni tu bali hata ndani ya seli zenyewe. Seli za figo zinazotoa renini, homoni inayopandisha shinikizo la damu, nazo huzuiwa na kalsiamu. Ingekuwa kalsiamu ndiyo ufunguo wa kila hazina ya homoni, seli hizi zingekuwa hazipo. Zipo, shingoni na figoni mwa kila msomaji wa makala hii.

Nirudi kwenye tanzia. Wapo wanaosema: acha nadharia, maiti zimepimwa na seli zimeonekana zimekufa. Ni kweli zimepimwa. Mwaka 2003 Butler na wenzake walichunguza kongosho za watu 124 waliokwisha kufa, wakakuta kwamba wenye kisukari cha ukubwani walikuwa na seli beta pungufu kwa asilimia 63 wakiwa wanene, na asilimia 41 wakiwa wembamba, ukilinganisha na wenzao wa umbo hilo wasio na ugonjwa. Sikatai takwimu hizo, nakataa hitimisho. Asilimia 41 si 100. Na watafiti wa Seattle walikwisha kuonyesha mwaka 1976 kwamba wimbi la kwanza la insulini hutoweka mapema mno, sukari ya kabla ya kula ikivuka miligramu 115 kwa desilita, yaani milimoli 6.4 kwa lita, kabla hata mtu hajaitwa mgonjwa kwa vipimo vya leo. Seli hizo hizo zinazoinyamazia glukosi, ukizipa arginini ambayo ni kiungo cha kawaida cha protini, zinajibu. Maiti haijibu. Sidai kwamba jibu hilo linathibitisha kosa liko kwenye kiunzi. Kosa linaweza kuwa hatua za mwanzo, pale glukosi inapozaa ATP, na kwa binadamu suala hilo halijafungwa. Ninachodai ni kwamba insulini ipo, vifuko vipo, na kilichoharibika ni utaratibu wa kuvitoa. Huko China mwaka 2008, wagonjwa wapya waliopewa insulini kwa nguvu kwa wiki chache tu, karibu nusu yao walikuwa na sukari nzuri bila dawa mwaka mmoja baadaye. Nchini Uingereza, utafiti uliochapishwa mwishoni mwa 2017 ulikuta asilimia 46 ya waliopunguza uzito kwa mpango maalumu wametoka katika kisukari ndani ya mwaka, dhidi ya asilimia 4 ya wenzao. Kongosho lililokufa halifanyi hivyo.

Tofauti moja lazima isemwe kwa sauti. Kisukari cha aina ya kwanza, kinachowapata zaidi watoto na vijana, ni ugonjwa ambao kinga ya mwili huziua seli beta zenyewe. Mtoto huyo anahitaji insulini kila siku ya maisha yake, na kumwambia kongosho lake linaweza kuamshwa kwa chakula au kwa dua ni kumuua. Maneno yangu yote yanawahusu wa aina ya pili, na hao ndio wengi. Walikuwa wachache zamani: utafiti wa McLarty, Swai na wenzao, uliochapishwa 1989 na kuhusisha vijiji vya mkoa huu, ulikuta kisukari kwa chini ya mtu mmoja kati ya 100. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta asilimia 9 hivi ya watu wa miaka 25 hadi 64. Seli beta za Watanzania hazikufa kwa pamoja katikati ya tafiti hizo mbili. Zimebebeshwa mzigo mwingine: miili mizito, kazi za kukaa, na chakula kisichofuatwa na jembe. Wanaokilaumu kiwanda cha sukari cha TPC kilicho hapo chini wanakirahisisha kisa. Kijiko cha chai ni sehemu ndogo ya mzigo huo.

Walimu wetu wa baiolojia wakifika kwenye sentensi ya kalsiamu wasiifunge hapo. Waongeze nyingine mbili kuhusu aktini na mikrotubuli, kwani anayezijua hanunui chupa. Wahudumu wa kliniki waache kabisa neno la kongosho kufa mbele ya mtu aliyegunduliwa wiki iliyopita, kwa kuwa si kweli na linamfanya asirudi. Nawe uliyeambiwa hivyo, nenda hospitali, Mawenzi au KCMC, uulize una kisukari cha aina gani na kipimo chako cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kinasemaje. Dawa ulizoandikiwa usiziache, na glibenklamidi usiimeze kabla hujajua utakula saa ngapi. Fedha ya chupa ya kalsiamu inunulie vijiti vya kupimia sukari.